Unataka kuwa kairopraktika na uko Mwanza? Soma kwanza hii kabla hujalipa ada popote

Wakuu habari, na wa kwetu mwangaluka.

Kuna mdogo wetu kauliza humu yuko Igoma, kamaliza form six PCB na matokeo yake sio mabaya, anasema anataka awe kairopraktika, yaani wale madokta wa uti wa mgongo unaowaona kwenye video wanamgeuza mtu shingo au kiuno pingili zinalia halafu mgonjwa anainuka anacheka. Kauliza asomee wapi, akimaliza atapata kazi hapa Mwanza, inalipa kweli, na msichana mwembamba kama yeye ataiweza. Watu wakamjibu asihangaike na chuo, kuna kozi ya wiki mbili mtandaoni unapewa na cheti unafungua ofisi. Hilo jibu la wiki mbili ndio limenifanya nikae niandike, maana mtu akilifuata kuna mgonjwa ataumia na mgonjwa mwenyewe hayupo humu kujitetea.

Mimi ni mfiziotherapia, yaani mtaalamu wa kurudisha mwili kufanya kazi kwa mazoezi na mikono. Nilisoma Moshi pale hospitali ya KCMC, nikafanya kazi hospitali hapa Mwanza miaka kadhaa na sasa hivi nina kliniki ndogo upande wa Kirumba. Kairopraktiki yenyewe niliitaka sana, niliandikiana na vyuo vya Afrika Kusini, nikapiga hesabu na ndugu zangu, na baadaye nikapata nafasi Nairobi ya kukaa pembeni nikimwangalia kairopraktika aliyesoma nje akihudumia watu kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwisho niliamua kubaki fiziotherapia na kuongeza mafunzo ya tiba ya mikono, yaani kutibu mgongo na viungo kwa kusukuma na kugeuza kwa mikono. Kwa hiyo sikukatishi tamaa mdogo wangu, hiyo ndoto yako naijua vizuri.

Kwanza ujue unaingia kwenye kitu gani. Kairopraktiki ilianzia Marekani, mji wa Davenport jimbo la Iowa, Septemba 1895, kwa mtu anaitwa D. D. Palmer ambaye kabla ya hapo alikuwa anatibu watu kwa sumaku. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa Harvey Lillard, mfanya usafi wa jengo, mtu mweusi aliyekuwa na shida ya kusikia, Palmer akamsukuma pingili ya mgongo na wakasema masikio yamefunguka. Mwaka 1897 akafungua shule. Shida ni kwamba alikwenda mbali sana, akafundisha kwamba asilimia 95 ya magonjwa yote yanasababishwa na pingili zilizohama mahali pake, na mwaka 1906 alifungwa jela kwa kutibu bila leseni. Taaluma ilipigana miaka mingi hadi ikakubalika, jimbo la mwisho la Marekani kutoa leseni kwa hawa watu ni Louisiana mwaka 1974, na madaktari wa kule waliwasusia rasmi mpaka mahakama ikaamua dhidi ya chama cha madaktari mwaka 1987.

Nakuambia hii historia kwa sababu mpaka leo ndani ya hiyo fani kuna makundi. Kuna wanaoshughulika na maumivu ya mgongo, shingo, viungo na misuli, wanasoma utafiti na wanampeleka mgonjwa hospitali akionyesha dalili mbaya. Halafu kuna ambao bado wanaongea kama Palmer, wanakwambia nikikunyoosha pingili presha itashuka, kisukari kitaisha, mtoto ataacha kukojoa kitandani. Mimi kundi la pili siliamini na siwezi kumshauri mtu alifuate. Ukienda kusoma, utakutana na wote na itabidi uamue mapema wewe ni wa upande gani.

Na sio kwamba tiba yenyewe ni uongo, hapana. Shirika la Afya Duniani mwezi Desemba 2023 lilitoa mwongozo wake wa maumivu sugu ya mgongo wa chini, na ndani yake tiba ya mikono kwenye uti wa mgongo imo, pamoja na mazoezi na kumwelimisha mgonjwa. Hao hao wanasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini. Mwongozo huo pia unasema mikanda ya kiuno na kuvutwa mgongo kwa mashine havipendekezwi, sasa nenda Makoroboi uone mikanda inavyouzwa, watu wanaivaa mwaka mzima misuli inalala kabisa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho video hazikuonyeshi. Ule mlio ni sekunde moja. Kazi yenyewe iko kabla ya mlio, kwenye kuamua huu mgongo uguswe au usiguswe.

Nikupe mfano wa wagonjwa wetu wa kila siku. Makuli wa Mwaloni wanakuja sana kwangu, wale wanaoshusha na kupakia magunia ya dagaa. Anaingia kijana anatembea kaegemea upande mmoja, ameweka mkono kiunoni, anakwambia dokta nimenyanyua gunia nikasikia kama kitu kimekatika na sasa mguu unawaka moto mpaka kwenye kidole gumba. Kwenye video huyo angelazwa ubavu akasukumwa pap, makofi. Mimi simgusi kwanza, namuuliza. Maumivu yalianza lini, yanazidi ukiinama au ukisimama, ukikohoa yanashuka mguuni? Halafu namuuliza maswali ambayo wengi wanaona aibu kujibu: mkojo unatoka kawaida au unabana unashindwa, choo unakisikia, ukijifuta sehemu za siri kuna ganzi? Hayo ya mwisho nayauliza hata kama nje kuna foleni ya watu kumi. Kwa sababu mtu mwenye diski (ule mto laini kati ya pingili na pingili) iliyobana mishipa ya fahamu kule mwishoni mwa uti wa mgongo, mkojo ukianza kugoma na ganzi ikaingia mapajani kwa ndani, huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo, ni suala la upasuaji. Ukimchelewesha kwa kumnyoosha nyoosha anaweza akabaki bila kuzuia mkojo maisha yake yote, kijana wa miaka ishirini na kitu.

Akipita hapo ndio namlaza chali, nanyanyua mguu mmoja ukiwa umenyooka taratibu huku namwangalia usoni, uso unasema kabla mdomo haujasema. Nagonga goti na kisigino kwa kinyundo cha mpira kuangalia kama mguu unaruka sawa pande zote. Namwambia atembee kwa visigino halafu kwa ncha za vidole kutoka mlangoni hadi dirishani, kama kisigino kimoja kinaanguka najua pingili gani nianze kuishuku. Napitisha pamba kwenye ngozi ya mguu huku kafumba macho. Yote hayo hakuna hata mlio mmoja, na ndio sehemu kubwa ya kazi. Wengi wao mwisho wa siku ninachowafanyia ni kuwafundisha kulala, kuinuka, kunyanyua, mazoezi mawili matatu, na nikiona inafaa nasukuma kidogo kwa mikono. Na wengi wanapona.

Halafu kuna ambao hutakiwi kabisa kuwasukuma. Kuna mama mmoja muuza samaki aliletwa na wanae, mgongo wa juu unauma miezi na miezi, usiku ndio unazidi, amekonda, anatoka jasho usiku, na pale katikati ya mgongo pingili moja imechomoza kidogo kama kifundo. Kabla ya kuja kwangu alishapelekwa sehemu moja mjini, kijichumba kina kitanda cha kutetemeka na bango lina picha ya mifupa, akaambiwa pingili zimehama na akauziwa vikao vya kunyooshwa alipe kabisa kabla. Bahati mikono yao haikumfikia vizuri maana alipiga kelele wakaacha. Nilipokipapasa kile kifundo kwa vidole viwili tu sikuhitaji zaidi, nikamwandikia barua akapanda hospitali ya Bugando, picha na vipimo vikaonyesha ni TB ya uti wa mgongo. Pingili inakuwa imeliwa, imekuwa laini, ukiisukuma kwa nguvu unaweza kuibomoa ikakandamiza uti wa mgongo mgonjwa akapooza miguu yote miwili. Yule mama alikunywa dawa za TB akapona na anatembea.

Hii ndio hoja yangu kubwa kwa kanda yetu. Mgongo wa Mwanza sio mgongo wa kwenye video za watu wanaokaa ofisini siku nzima. Huku TB ipo, VVU vipo, seli mundu ni nyingi sana kanda ya ziwa na kijana mwenye seli mundu akilalamika nyonga ujue kichwa cha mfupa kinaweza kuwa kimeanza kufa. Kuna wazee wa kiume ambao maumivu ya kiuno ni saratani ya tezi dume imeshatua kwenye mifupa. Kuna bibi zetu mifupa imekuwa myepesi, hata kukohoa tu pingili inaweza kuvunjika. Kuna mtu wa bodaboda aliyeanguka jana kwenye mawe ya Mabatini akasema ni maumivu tu ya kawaida. Ukiwa na ujuzi wa kusukuma tu bila ujuzi wa kutambua, utakutana na hawa wote wiki yako ya kwanza.

Na shingo ndio usiniambie. Mishipa miwili ya damu inayopanda kwenye ubongo inapita ndani ya matundu ya pingili za shingo. Ukiizungusha shingo ghafla inaweza, ni mara chache lakini inatokea, ukuta wa mshipa ukachanika, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Ndio maana huwa naumia nikiona vinyozi wanamaliza kumnyoa mtu halafu wanamshika kidevu na kichwa wanamvunja shingo kushoto kulia kama zawadi. Wakuu mnaokwenda saluni kataeni hiyo kitu, mwambie asante naomba uoshe kichwa tu.

Kuhusu ule mlio, kwa anayetaka kujua, sio mfupa unarudi mahali pake. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta Canada walimvuta mtu vidole ndani ya mashine ya MRI mpaka vikalia, wakaona kwamba kiungo kinapoachana ghafla, ndani ya yale maji ya kiungo linatokea pengo la hewa. Kwa hiyo kiungo kinaweza kulia na mtu asipone, na kinaweza kisilie na mtu akapata nafuu kubwa. Yule kairopraktika wa Nairobi alikuwa na wagonjwa wanakuja wanataka mlio, wanasema dokta leo haujalia naomba rudia, na yeye alikuwa anakataa, anawaambia tumemaliza, inuka tembea nione. Huo msimamo wake niliupenda kuliko mikono yake, na mikono yake ilikuwa mizuri sana.

Haya, chuo.

Tanzania hakuna chuo kinachotoa digrii ya kairopraktiki, hilo liweke kichwani kabisa, kwa hiyo mtu akikuuzia diploma ya kairopraktiki mtaani muulize inatambuliwa na nani. Karibu kabisa na sisi ni Afrika Kusini, vyuo viwili vya umma, Durban University of Technology na University of Johannesburg. Unasoma kama miaka sita hadi ngazi ya masters na utafiti wako, na miaka ya mwisho unahudumia wagonjwa kwenye kliniki ya chuo huku msimamizi anakukagua, halafu unasajiliwa na baraza lao. Uingereza kuna chuo kiko mji wa Bournemouth kilichoanza 1965, na kule kwa sheria yao ya 1994 huruhusiwi hata kujiita kairopraktika kama haupo kwenye rejista ya baraza lao. Marekani vyuo ni vingi, hata kile cha Palmer bado kipo Davenport, ila kule unaanza na miaka kadhaa ya chuo kikuu cha kawaida ndio unaingia kwenye kozi yenyewe ya karibu miaka minne, na mitihani ya bodi yao ina sehemu nne. Australia vipo pia. Ukichagua popote hakikisha chuo kina ithibati ya mabaraza ya elimu ya kairopraktiki, wanaitwa CCE, Ulaya ECCE.

Sasa wale wa wiki mbili naomba msome hapa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2005 lilitoa mwongozo wa mafunzo na usalama wa kairopraktiki, kiwango chao cha mtu anayeanza moja kwa moja ni masaa yasiyopungua 4200 ya mwalimu na mwanafunzi, miaka minne full-time, na ndani yake masaa 1000 ya kuhudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Wiki mbili hata ukisoma masaa kumi kwa siku bila kupumzika jumapili ni masaa 140. Na hayo ni ya kuangalia video, hujamgusa mtu.

Ada sitaandika maana zinabadilika kila mwaka, ziangalie kwenye tovuti zao, ila hesabu yake iwe kamili: ada ya mgeni ambayo mara nyingi inazidi ya mwenyeji, kodi ya nyumba, viza ya mwanafunzi na kuihuisha, bima ya afya, nauli ya kurudi hata mara moja kwa mwaka, na miaka yenyewe sita unakula bila kuingiza. Mkopo wa bodi ya HESLB usiupangie kwa hiyo safari. Mimi hapo ndipo niliposimama, baba alikuwa tayari kuuza kiwanja cha Buhongwa na wadogo zangu walikuwa bado sekondari. Sikuona sababu ya kuwanyima wao wakati hapa hapa nyumbani kuna njia ya kufika karibu na ninachokitaka.

Njia yenyewe ni hii. PCB yako inakuingiza kwenye digrii ya fiziotherapia, KCMC Moshi ndio wakongwe wa fani hii nchini, miaka minne halafu intaniship, na kwa digrii ya ndani mkopo wa bodi unaombeka. Mwongozo wa udahili wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) unatoka kila mwaka, ufungue uangalie na vyuo vingine vilivyoongezeka na alama wanazotaka. Mwenye form four au ambaye alama za form six hazikutosha kuna diploma ya miaka mitatu, wengi tulipitia hiyo, unafanya kazi kidogo unarudi kusoma digrii. Pale Moshi kuna kitu kingine kizuri, jirani yako ni TATCOT, chuo cha kutengeneza miguu bandia na vifaa vya viungo, unajifunza mengi kwa kukaa nao tu karibu.

Utasoma anatomia mpaka uote. Mara ya kwanza kushika pingili halisi mkononi, ukaziona zote 24 zinazocheza, saba za shingo, kumi na mbili za kifua, tano za kiuno, halafu sakramu na kifandugu, mifupa ya mwisho kabisa kule chini, ukaona jinsi za kiuno zilivyo nene na za shingo zilivyo ndogo na yale matundu yake ya mshipa, hapo heshima inakuingia. Utakaa wodini na watu waliopooza, watoto wenye mtindio wa ubongo, waliovunjika nyonga, waliochomwa moto, wagonjwa wa kiharusi unaowafundisha upya kushika kijiko. Mtu anayetaka migongo tu anaweza kuona anapotezewa muda. Mimi naona hapo ndipo jicho linapotengenezwa, kwa sababu mgongo ukija kwako baadaye utakuwa umeshaona magonjwa yanavyofanana na maumivu ya kawaida.

Ukishapata leseni ndio unaongeza tiba ya mikono. Wafiziotherapia nao wana magwiji wao, Maitland wa Australia, Mulligan na McKenzie wa New Zealand, kila mmoja ana mfumo wake na kozi zake zinafundishwa nchi nyingi, na hizi kozi fupi zinakuwa na maana kwa sababu tayari una msingi chini yake. Na kama baada ya hapo bado moyo unasema kairopraktiki, nenda. Utaenda ukiwa na digrii, na kazi ya kurudia, na vyuo vingine vinaweza kukupunguzia baadhi ya masomo.

Upande wa sheria usiupuuze kabisa. Fiziotherapia iko kwenye sheria ya 2017 ya wataalamu wa tiba, meno na afya shirikishi, unasajiliwa unapewa leseni. Tiba mbadala ina sheria yake ya 2002 na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, mtoa huduma anasajiliwa na kituo chake kinasajiliwa. Sasa wewe ukirudi na digrii ya kairopraktiki ya nje utapita TCU waitambue kwanza, halafu lazima ujue unaingia rejista ipi. Ushauri wangu ni kabla hujakata tiketi ya kwenda Durban, andika barua wizarani, ambatanisha mtaala wa chuo unachokwenda, uliza kwa maandishi utasajiliwa wapi na kama jina na kazi gani, na jibu lao ulitunze. Mtu amesoma miaka sita halafu anarudi anazungushwa mlango huu na ule sio kitu cha kutania.

Hela ipo? Ipo, ila sio ya haraka. Mwanza watu wanaumwa migongo kwa sababu ya kazi zao: wavuvi wa dagaa wanavuta nyavu usiku kucha wameinama kwenye mtumbwi, wadada wa viwanda vya minofu wanasimama kwenye baridi masaa, mama zetu wanapandisha ndoo za maji milima ya Igogo na Bugarika, madereva wa daladala na malori ya kwenda Sirari. Wateja hawaishi. Lakini kuli analipwa kwa siku, akipata nafuu kidogo anarudi kwenye gunia, kikao cha pili haji mpaka iume tena, na wengi wameshapita kwa mganga wa mifupa na kukandwa na kila aina ya mafuta ndio wanakufikia. Ukitaka kutajirika kwa hao hao utajikuta unawauzia vikao thelathini kwa mkupuo kama kile kijichumba nilichokitaja, na vingi hawavihitaji kabisa. Anayeishi vizuri kwenye kazi hii ni mwenye kliniki inayoaminika, madaktari wa hospitali wanamletea wagonjwa na yeye anawarudishia wale wasio wake, anakwenda na majumbani kwa waliopata kiharusi, anakubaliana na shule, timu za mpira na viwanda kuwafundisha wafanyakazi namna ya kunyanyua. Inachukua miaka jina likae.

Mwisho ulichouliza kuhusu mwili wako, kwamba wewe ni msichana mwembamba. Inawezekana kabisa na naomba usikubali mtu akutishe kwa hilo. Kule Nairobi nilimkuta msaidizi wa yule dokta, mdada mfupi, alimsukuma mbaba wa kilo zaidi ya mia na akapata alichokitaka, kwa sababu mbinu yenyewe ni kasi na umbali mfupi sana, sio nguvu. Unamlaza vizuri, unakifikisha kiungo mwisho wa mchezo wake, halafu unaachia uzito wako kidogo kwa haraka na unasimama hapo hapo. Kitanda kishushwe usawa wa magoti yako, ukitumia mabega na mikono peke yake ndio utaumia, awe mwanaume awe mwanamke. Kinachochoka kwenye kazi hii ni vidole gumba na mgongo wako mwenyewe, na wenye miili mikubwa nao wanalalamika hivyo hivyo. Halafu kwa huku kwetu wamama wengi wanaona afadhali sana kuhudumiwa na mwanamke, hasa waliotoka kujifungua na wenye maumivu ya nyonga, wanafunguka mambo ambayo kwangu wanayazunguka.

Mdogo wangu wa Igoma, kabla hujajaza fomu yoyote njoo uone. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze, uje na mzazi au dada yako siku ya kwanza ili nyumbani wajue uko wapi. Makuli wanaanza kuingia wakishamaliza kushusha mizigo ya alfajiri, kama saa tatu hivi. Mgonjwa akikubali utakaa kwenye kona uangalie, akikataa utatoka nje, hiyo ndio sheria ya chumba. Beba daftari, vaa viatu vya kusimama muda mrefu, na andika kila swali ninalomuuliza mgonjwa, tukimaliza nitakuuliza wewe kwa nini nimeliuliza.